Asilimia na Fidia ya Dada Yake

Jumatano, tarehe 26 Juni 2019, aliweka sahihi kwenye ombi la kununua hatifungani ya serikali ya miaka ishirini. Ombi lilifika benki kuu asubuhi, kabla mnada haujafungwa, na jioni ile ile jina la kampuni yake likatoka miongoni mwa walioshinda.

Kazini wanamwita Asilimia. Jina lilianzia kwa mama wa masjala, aliyechoka kumsikia akilitamka neno hilo kwenye simu kutwa nzima, na sasa hata mlinzi wa mlangoni halijui lile aliloitwa na wazazi wake. Ni ofisa uwekezaji wa kampuni ndogo ya bima iliyopanga ghorofa ya tatu ya jengo lenye lifti mbovu. Karatasi ya kutangaza ubovu wa lifti imekaa pale mpaka maandishi yamepauka. Dirisha lake linatazama mgongo wa jengo la jirani, ambako mashine za kupoza hewa hudondosha maji juu ya bati mchana kutwa, tone kwa tone, na wageni humuuliza kama mvua inanyesha.

Kazi yake inaelezeka kwa maneno machache. Mtu akinunua bima, analipa leo ili alipwe siku mambo yakimharibikia. Katikati ya siku hizo mbili pesa haikai bure, inawekezwa, na sheria inaamuru iwekezwe wapi. Katika kila sarafu kumi za mali ya kampuni, tatu ziwe zimekopeshwa serikali. Hiyo ndiyo asilimia thelathini. Kila Ijumaa Asilimia hukokotoa kampuni imesimama wapi, na kila robo mwaka ikifika ukingoni, hesabu yake inapelekwa kwa msimamizi wa bima. Kampuni ikionekana chini ya thelathini, inazuiwa kuuza bima mpya mpaka ijirekebishe.

Sheria yenyewe haina ubaya, na yeye hajawahi kuisema vibaya. Zamani wenye kampuni za bima walikuwa wakizichukua pesa za wateja na kujinunulia viwanja, au kumkopesha shemeji afungue kiwanda cha sabuni. Mteja akiunguliwa na nyumba, anaonyeshwa kiwanja chenye nyasi. Serikali ikasema basi, nileteeni mimi, mimi sihami mji. Wengi walipona kwa sababu hiyo.

Mwezi ule wa Juni kilichowaponza kilikuwa bahati njema. Kampuni ya mabasi iliyokuwa ikiwapiga chenga kwa muda mrefu ilikubali kuhamishia kwao bima ya mabasi yake yote, na ikalipa papo hapo. Mali ya kampuni ikanenepa, na fungu la serikali, ambalo halikuongezeka, likaonekana dogo. Ijumaa iliyotangulia mnada, Asilimia alipokokotoa, alikuta wako chini ya thelathini, na robo mwaka ilikuwa inaisha.

Kwa kawaida dawa yake ilikuwa nyepesi. Serikali hukopa pia kwa miezi mitatu mitatu, na hati hizo za muda mfupi kampuni ilizitumia kama sufuria yenye kifuniko, ukihitaji unafunua. Wiki ile hazikuwepo. Aliingia chumbani kwa meneja wa fedha, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni, ambaye ofisi nzima humwita Mama.

"Hamna za miezi mitatu?" Mama aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hamna, Mama. Iliyopo ni ya miaka ishirini peke yake."

"Ishirini! Mimi nitakuwa nimeshazikwa, wajukuu wanagombea viti vyangu."

"Tukikosa, kuanzia Jumatatu hatuuzi bima. Na watu wa mabasi wana magari madogo wanataka kuyaleta."

"Pesa ya kununulia?"

"Ile amana ya madai imeiva leo. Iko mkononi."

Mama alivua miwani. Amana ya madai ilikuwa akiba iliyowekwa kando kwa ajili ya kuwalipa watu fidia. "Itakayobaki itatutosha kupumua?"

"Mwaka huu madai ni machache. Tunanunua sasa, Agosti tunaiuza sokoni, tunarudisha."

"Nunua basi. Usinipigie simu mpaka tumeshinda."

Hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo halingeweza kufanywa na mtu wa fani nyingine yoyote. Hatifungani ikinunuliwa, mnunuzi hutakiwa kusema anaiweka kapu gani. Kapu la kwanza ni la zile atakazouza wakati wowote. La pili ni la zile atakazozishikilia mpaka siku ya mwisho. Kampuni yao ilipenda kapu la pili, kwa kuwa zilizomo huandikwa kwa bei ya siku ya kununuliwa, na soko likipanda au kushuka, vitabu vinabaki vimetulia. Miaka yote Asilimia aliweka alama kwenye kapu la pili. Siku ile mkono ulikwenda wenyewe, kama mkono wa mtu anayefunga mlango wa nyumbani kwake. Mama alipitia, akatia sahihi. Mkurugenzi naye akatia sahihi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekumbuka kwamba hii walipanga kuiuza Agosti.

Kapu la pili lina mkia wake. Ukitoa humo hatifungani moja ukaiuza kabla ya wakati, wakaguzi wa hesabu wanasema ulidanganya uliposema utashikilia, na kapu zima linapimwa upya kwa bei ya soko ya siku hiyo. Na Julai serikali, ikiwa na haraka ya pesa, ilitoa hatifungani nyingine yenye riba nono zaidi. Nani tena angeitaka ya Juni? Bei yake ikaporomoka. Asilimia aliliona hilo kwenye kompyuta yake, akashika tama. Alipomweleza Mama, Mama alisema, "Tuombe tu pasitokee kitu."

Agosti mvua za nje ya msimu ziliingia kwenye maghala ya wateja wao mjini, na madai yakaja mfululizo. Kampuni kubwa ya ng'ambo, ambayo huwarudishia wenye bima sehemu ya madai makubwa, ilianza kudai nyaraka kabla ya kulipa, kisha nyaraka za nyaraka. Pesa taslimu ikakauka. Septemba likaungua duka la dada yake.

Dada huyo ni dobi. Duka lake lilikuwa kwenye kona, nyuma ya hoteli ya watu wa safari za kikazi, na hoteli ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wake. Mashuka, foronya, taulo na vitambaa vya meza vya vyumba vyote vilipita mikononi mwake. Nguo za watu binafsi zilikuwa kitoweo tu. Asilimia alipokuja mjini kusoma chuo alilala kwenye chumba cha nyuma ya duka hilo, kati ya marobota, na jioni walikunja mashuka wawili wawili, dada upande huu na yeye upande ule, wakisogeleana na kuachana. Akilegeza ncha, dada alimkaripia, "Vuta we mtoto! Shuka si mgonjwa."

Alipoajiriwa kwenye bima, mteja wa kwanza aliyemwendea alikuwa dada yake, na hakuna mteja aliyemtesa kama huyo.

"Ngoja nielewe," dada alisema, pasi ikiwa mkononi. "Nakulipa mwaka huu. Nisipoungua?"

"Unamshukuru Mungu."

"Na wewe unamshukuru Mungu na pesa yangu mfukoni."

"Dada, ndiyo bima."

"Haya. Nikiungua je, si mtakuja kusema siku ile nilivaa kandambili?"

"Mimi si nitakuwa mle ndani? Fidia yako lazima ipite mezani kwangu. Nani atakuzungusha?"

Dada alicheka kicheko chake cha kutingisha mabega, akakubali. Tangu siku hiyo alilipa kila mwaka kabla ya tarehe, kwa mkono wake mwenyewe, akipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu na kulalamikia lifti kwa sauti ya kusikika chumba hadi chumba.

Moto ulianzia kwenye waya ndani ya ukuta, nyuma ya mashine ya kukaushia, saa nane mchana. Wasichana wawili wa kazi walitoka salama. Dada alikuwa hotelini akikabidhi mzigo. Aliporudi alikuta watu wamejaa barabarani na zimamoto wanakunja mipira yao. Asilimia alimkuta amekaa kwenye ngazi za duka la jirani, miguu imelowa, amekumbatia robota la taulo chafu alilotoka nalo hotelini.

"Mdogo wangu," alisema, "lile jambo la bima limetokea."

Hakulia. Alikuwa anatazama mlango wake kwa makini, kama mtu anayepima kitambaa.

Madai yale hayakuwa na mzozo wowote. Mkadiria hasara, mtu mwenye sifa ya kutafuta ila hadi kwenye majivu, alikaa humo muda mfupi, akapiga picha, akatoka akisema waya ni waya. Meneja wa madai akaidhinisha. Mwanasheria hakuwa na neno. Mkurugenzi akatia sahihi. Jalada likashuka mezani kwa Asilimia likiwa limebandikwa kibandiko cha kijani, maana yake lipwe. Lilikaa juu ya majalada mengine yenye vibandiko vya kijani.

Hoteli haikumtupa dada mara moja. Meneja wake alimwambia kwa heshima kwamba watapeleka mashuka kwa dobi wa upande wa pili wa mji kwa muda, na nafasi yake itamsubiri hadi mwisho wa Novemba. Bajeti ya mwaka mpya ikishapitishwa, hana la kufanya. Dada alihitaji mashine mbili za kufulia, moja ya kukaushia na pasi kubwa ya roli. Zote zilikuwa ndani ya fidia yake. Akizipata kabla ya Novemba kuisha, duka linafufuka. Asipozipata, hoteli imekwenda, na bila hoteli duka halipo.

Oktoba walikaa kikao: mkurugenzi, Mama na Asilimia. Mkurugenzi ni mtu wa suti, aliyeingia kwenye bima akitokea kwenye mauzo ya vinywaji, na hapendi hesabu zenye zaidi ya mstari mmoja.

"Niambieni kitu kimoja," alisema. "Pesa tunazo?"

"Tunazo," alisema Mama.

"Basi walipwe watu."

"Hatuna."

Mkurugenzi alimgeukia Asilimia. "Huyu mama ananitania?"

"Hapana, mzee. Tunazo kwa serikali. Hapa hatuna."

"Uzeni hiyo karatasi basi."

Asilimia alieleza. Wakiiuza, wanauza kwa hasara. Hasara hiyo moja wangeimeza. Lakini kapu zima litapimwa kwa bei ya leo, na kwa bei ya leo mtaji wa kampuni unachungulia chini ya kiwango cha sheria. Hapohapo fungu la serikali linashuka chini ya thelathini. Makosa mawili kwa mpigo, leseni mashakani.

"Tukope benki, tuiweke rehani?"

"Nimeangalia. Iliyowekwa rehani haihesabiwi kwenye thelathini."

"Wanaotudai sisi? Tudai na sisi!"

Mama alicheka bila furaha. "Mdaiwa wetu mkubwa ni idara za serikali, mkurugenzi. Bima za magari yao. Wamesema mwakani."

Mkurugenzi aliegemea kiti, akakitazama kibao cha ukutani chenye nembo ya kampuni. "Kwa hiyo wametukopa kwa lazima, na tulichowauzia hawajalipa, na sisi ndio tutakaofungiwa."

"Kwa ufupi," alisema Mama.

Wakakubaliana mambo mawili. Madai yalipwe kwa foleni, kadiri ada za wateja zinavyoingia, wa kwanza kufika awe wa kwanza kulipwa, pasiwepo wa kurukishwa. Mkurugenzi alipotamka hilo hakumtazama Asilimia, nao wote wakashukuru kwamba hakumtazama. La pili, Asilimia aende kwa msimamizi wa bima kuomba waruhusiwe kukaa chini ya thelathini kwa muda mfupi.

Aliyempokea huko walisoma naye chuo, darasa moja, na enzi hizo walimwita Profesa kwa jinsi alivyopenda kuuliza swali baada ya somo kuisha. Profesa sasa ana ofisi yenye zulia na mmea wa plastiki. Walisalimiana kwa kupigana mabega, wakaulizana habari za nyumbani, kisha Asilimia akaweka barua mezani. Profesa aliisoma yote, mpaka viambatanisho, lilimokuwa jina la dada kati ya wanaodai.

"Mmenunua ya miaka ishirini kwa pesa ya madai," alisema taratibu.

"Tulikuwa tunakimbilia thelathini yenu."

"Na mkaiweka kapu la kushikilia."

"Tukaiweka."

"Asilimia, ndugu yangu." Alikunja barua, akaikunjua tena. "Mngekuja Juni mkasema mko chini kidogo kwa sababu mmepata mteja mkubwa, ningewapa wiki mbili."

"Kwenye sheria hakuna wiki mbili."

"Kwenye sheria hakuna. Ungekuja."

Kila mtu kwenye fani yao alijua kwamba robo mwaka ikiisha ukiwa chini, unafungiwa. Hakuna aliyewahi kwenda kuuliza.

"Nikikupa wewe ruhusa," Profesa aliendelea, "kesho asubuhi ngazi zote zimejaa wenzako. Mwezi unaofuata serikali inaitisha mnada, hakuna anayenunua, na mimi naulizwa nilikuwa nafanya nini. Sheria hii iliwekwa kwa ajili ya watu kama dada yako."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Profesa alitoa pumzi. "Ungeniletea mwizi ningejua la kufanya. Mkurugenzi aliyejenga nyumba kwa pesa za wateja, huyo ninamkamata jioni hii hii. Ninyi hamjaiba. Pesa iko salama, iko mahali ilipoamriwa. Nitaipeleka barua kwenye bodi."

"Bodi inakaa lini?"

"Januari."

Alimsindikiza hadi kwenye lifti, ambayo ilifanya kazi vizuri, akamwambia amsalimie dada. Profesa aliwahi kufuliwa shati la mahafali pale dukani.

Jumapili zile Asilimia aliendelea kwenda nyumbani kwa dada yake, kwa sababu kutokwenda kungekuwa kusema kitu. Shemeji yake, fundi wa kabati na mtu wa mizaha, alikwisha kumbadilisha jina. "Serikali imefika!" alipaza sauti akimwona mlangoni. "Ipeni kiti. Cha mbao, tusije tukadaiwa kodi."

"Shemeji, niache."

"Nikuache vipi? Nina hamu ya kujua. Hivi huko serikalini, hela ya mke wangu inalala chumba gani? Ina chandarua?"

Dada alimnyamazisha kwa mkono, lakini yeye mwenyewe alikuwa anangoja jibu.

Katikati ya Novemba alikuja ofisini. Safari hii alipanda ngazi bila kulalamika, na watu wa ofisi, walioizoea ile sauti, walijua amefika walipomwona tu. Alikaa kwenye kiti cha wageni mbele ya meza ya mdogo wake na kuweka mkoba magotini. Nje maji yalikuwa yanadondoka kwenye bati.

"Mvua?"

"Mashine za jirani."

"Ah." Alisogeza kiti karibu na meza. "Nieleze kama unavyomweleza mteja. Usinieleze kama dada."

Alimweleza. Hakuficha chochote. Alimweleza mabasi, mnada, makapu mawili na alama aliyoiweka. Dada alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, namna alivyowasikiliza wateja wanaoeleza doa lilivyoingia.

"Kwa hiyo pesa yangu ipo."

"Ipo, dada."

"Hamjaila."

"Hatujaila."

"Na kila mtu amekubali ni yangu. Mpaka yule bwana wa kamera."

"Wote."

"Aliyeipeleka huko ni nani?"

"Mimi."

Dada aliinua macho. "Sawa, naelewa. Ni kama nguo ya mteja. Iko dukani kwangu, naiona inaning'inia, nzuri, imepigwa pasi. Lakini siwezi kuivaa."

"Ndiyo hivyo hasa."

"Lakini mdogo wangu," alisema, na sauti yake haikupanda, "mwenye nguo akija nampa."

Asilimia aliyatazama majalada. Jalada la dada lilikuwa bado kwenye rundo, na juu yake, kwa mpangilio wa foleni, yalikuwepo ya watu waliotangulia: wenye maghala, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mama mmoja aliyegongewa gari. Nao kila mmoja alikuwa na mtu wa kumuuliza.

"Nina akiba yangu," alisema. "Haitoshi mashine zote, lakini mbili za kufulia zinapatikana. Nitakwenda chama cha akiba, nitakopa ya kukaushia. Wiki hii hii."

"Hapana."

"Dada, Novemba inaisha."

"Najua Novemba inaisha, kalenda ninayo. Mimi sikununua bima kwako ili unilipe wewe. Kama ingekuwa hivyo, ningekaa tu bila bima, niwe na mdogo wangu." Alisimama, akaning'iniza mkoba begani. "Una watoto. Weka akiba yako. Halafu ukiunguliwa wewe, nani atakulipa? Hawa?"

Alicheka, mabega yakatingishika kidogo. Mama wa masjala, aliyekuwa akijifanya anatafuta jalada mlangoni, alicheka pia, kisha akaona aibu na kuondoka. Asilimia alimsindikiza dada yake hadi chini. Barabarani dada alimwambia arudi kazini, watu wanamngoja.

Wiki iliyofuata ada za wateja ziliingia kidogo kuliko walivyotarajia. Zililipa ghala moja. Mwenye ghala alikuja mwenyewe kuchukua hundi, akaishika kwa mikono miwili, akamshukuru Asilimia mpaka akamkera. Ijumaa Asilimia alikokotoa kama kawaida. Kampuni ilikuwa juu ya thelathini, safi, hakuna wa kuinyooshea kidole. Mama aliipitia karatasi, akavua miwani.

"Tuko salama," alisema.

"Tuko salama, Mama."

Alhamisi ya mwisho ya Novemba meneja wa hoteli alimwita dada. Alimkaribisha chai, akamwambia wamefikiria sana. Dobi wa upande wa pili wa mji amewachosha, anachelewesha, taulo zinarudi ngumu kama mbao. Kwa hiyo hoteli imeamua kununua mashine zake na kuziweka chini, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya viti. Wanahitaji mtu anayejua kazi. Mshahara wa mwezi, chakula cha mchana, sare.

Dada alimpigia mdogo wake jioni hiyo. Asilimia alikuwa bado ofisini.

"Nimepata ajira," alisema. "Na mimi sasa nina mwajiri, kama wewe."

"Umekubali?"

"Ulitaka nikatae nikale nini, Asilimia?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina hilo. Asilimia alitaka kusema jambo kuhusu Januari na bodi, kuhusu riba ya hatifungani itakayoingia mwishoni mwa Desemba, lakini alijua riba hiyo itakakokwenda. Itawafikia waliomtangulia dada kwenye foleni, na itakayobaki lazima inunue hati nyingine, kwa sababu robo mwaka itakuwa inaisha na watu wa mabasi wameshaleta magari yao madogo.

"Na duka?" aliuliza.

"Nimemrudishia mwenye nyumba funguo. Ziliungua, lakini nimemrudishia." Kwa nyuma ilisikika sauti ya shemeji ikiuliza kama huyo ni Serikali, na dada akimwambia anyamaze. "Fidia yangu ikija, iweke benki. Nitajua la kuifanyia."

"Sawa, dada."

"Usiiweke serikalini tu."

Dada ataanza kazi Jumatatu, zamu ya asubuhi, kwenye chumba cha chini cha hoteli. Fidia yake, kwa mwendo wa foleni ulivyo sasa, italipwa mwezi wa tatu au wa nne.